Una Kizazi au Huna?

Hotuba ya daktari wa magonjwa ya wanawake kwa akina mama wa Tanga, kuhusu kutumia estrojeni hedhi inapokoma

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni mama zangu. Wadogo zangu, hamjambo?

Naona khanga zinapepea. Najua wengine mnapepea kwa sababu ya kaskazi, na wengine mnapepea kwa sababu iliyotuleta hapa leo. Pepeeni tu, msione haya. Na kama nilivyoomba kwenye tangazo, kila aliyewahi kufanyiwa operesheni ya kizazi naamini amekuja na karatasi yake ya kuruhusiwa wodini. Iwekeni kwenye pochi kwanza, tutaihitaji.

Nianze na mama mmoja wa Lushoto. Lushoto ya mwezi wa Julai mnaijua: ukungu mpaka saa nne asubuhi, watu hawabanduki jikoni kwenye moto. Mama huyu alikuja kwangu na mumewe, na aliyeanza kueleza alikuwa mume. Akasema, "Daktari, mimi nalala na mablanketi mawili na koti. Mwenzangu saa nane za usiku anafungua dirisha, anavua nguo, analala chini kwenye sementi. Mimi nimeogopa." Mama mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la khanga. Kwa muda wa miezi kumi na minne alikuwa ametibiwa malaria mara tano na taifodi mara tatu, na majibu ya maabara mengine yalikuwa safi kabisa lakini dawa alipewa. Alikuwa na miaka 49. Siku zake za mwisho aliziona mwaka mmoja na nusu nyuma. Hakuna aliyemuuliza.

Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona kama ni jambo la kusema. Hilo linaniuma, kwa sababu sisi wanawake wa pwani tuna shule yetu. Mtoto wa kike akivunja ungo anakabidhiwa somo, anawekwa ndani, anafundishwa kujihifadhi, anafundishwa kipi aseme na nani. Kuingia tulifundishwa. Kutoka hatukufundishwa. Ukimuuliza bibi anakwambia "siku zimekatika", na mazungumzo yanakatika papo hapo. Mimi mwenyewe, daktari mzima, nilipoanza kufukuta nikiwa na miaka 51, niliamka usiku shuka limelowa nikadhani nina homa. Nilipomwambia mhudumu mwenzangu wa afya, alinijibu, "Utu uzima huo, dada. Vumilia."

Basi leo tuongee kuhusu kutoka.

Kushoto na kulia kwa kizazi kuna ovari mbili, vile vifuko vya mayai. Ndizo zinazotengeneza estrojeni, homoni ya mwanamke. Mayai yakikaribia kwisha, estrojeni inashuka, lakini haishuki kwa utaratibu. Inayumba, wiki hii juu, wiki ijayo chini. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayopima joto la mwili, na estrojeni ikiyumba sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, mwili unaamini unaungua: mishipa ya ngozi inafunguka, uso unawaka, jasho linamwagika, moyo unakwenda mbio. Dakika chache, kisha baridi inakushika. Ndilo fukuto hilo. Pamoja nalo usingizi unakatika, hasira zinakuwa karibu, viungo vinauma, huko chini kunakauka. Tunasema hedhi imekoma pale mwanamke anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na wengi wanafika hapo kati ya miaka 45 na 55.

Huyo aliyeniambia nivumilie hakuniambia nivumilie mpaka lini. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanawake miaka mingi, na majibu yake yalitoka mwaka 2015. Nusu ya waliosumbuliwa na fukuto mara kwa mara, liliwakalia zaidi ya miaka 7. Kwa wanawake weusi wa Marekani, nusu yao lilizidi miaka 10. Mtu akikwambia vumilia, ujue anaweza kuwa anakutakia miaka kumi ya kutolala.

Lakini kabla hatujaigusa dawa, mama zangu, nisikilizeni hapa vizuri. Si kila jasho la usiku ni kukoma hedhi. Nchi yetu hii ina kifua kikuu. Kikohozi, homa, kupungua uzito na jasho la usiku ndiyo maswali manne tunayomuuliza mtu tunapomchunguza TB. Kuna virusi vya Ukimwi, kuna tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, kuna sukari inayoshuka usiku. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 48 anayefukuta lakini pia anakohoa na gauni zinampwaya, huyo simwandikii homoni. Huyo anapimwa makohozi kwanza. Na kama ni TB kweli, akaanza dawa, ajue kwamba rifampisini iliyomo kwenye dozi ya TB inalifanya ini liisage estrojeni haraka kuliko kawaida, kwa hiyo vidonge vya homoni vinaweza visimsaidie. Ndivyo zilivyo pia baadhi ya dawa za kifafa na baadhi ya ARV. Ndiyo maana nasema kila dawa unayotumia, hata ile unayoificha kabatini, mwambie daktari wako.

Na aliyevuka miaka 45, siku zake zimeyumba au zimekatika, anafukuta, na hana dalili nyingine ya kutia shaka: huyo hahitaji kipimo cha homoni. Najua mnauziwa vipimo hivyo kwa fedha nyingi. Estrojeni ya kipindi hiki leo iko juu na kesho iko chini, kwa hiyo karatasi hiyo haitakwambia kitu ambacho mwili wako haujakwambia.

Sasa estrojeni yenyewe.

Dawa hii imependwa mno, kisha ikaogopwa mno, na mara zote mbili wanawake ndio walioumia. Ilianza kutolewa kwenye mkojo. Mwaka 1929 wanasayansi Edward Doisy na Adolf Butenandt, kila mmoja kwake, walifanikiwa kuitenga homoni kutoka kwenye mkojo wa wajawazito. Mwaka 1942 Marekani iliidhinisha vidonge vilivyotengenezwa kwa mkojo wa farasi wenye mimba. Miaka ya sitini wakaambiwa wanawake kwamba hii ndiyo ya kubaki kijana. Walimeza, na walimeza estrojeni peke yake. Mwaka 1975 tafiti mbili zikatoka zikionyesha kwamba saratani ya ukuta wa kizazi imeongezeka mara kadhaa kwa waliokuwa wakiitumia.

Kwa nini? Estrojeni kazi yake kwenye kizazi ni kuotesha ukuta wa ndani, kama mvua inavyootesha majani. Projesteroni, homoni nyingine ya ovari, ndiyo inayokuja kuyafyeka. Kila mwezi, tangu ulipovunja ungo, hizo mbili zilikuwa zikipokezana. Ukimpa mwanamke mwenye kizazi estrojeni peke yake, umeleta mvua, hujaleta fyekeo. Ukuta unanenepa, unanenepa, na siku moja chembe zinaharibika. Ukiongeza projesteroni, hatari hiyo inadhibitiwa. Aliyetolewa kizazi hana ukuta wa kuotesha, kwa hiyo kwa kawaida yeye anatumia estrojeni peke yake.

Ndiyo maana nimeipa hotuba hii jina hilo. Mtu akikupa estrojeni kabla hajakuuliza una kizazi au huna, irudishe.

Nina mgonjwa, mama wa hapa hapa Tanga mjini, dada yake anaishi Uingereza. Dada alikuwa anafukuta, madaktari wa kule wakampa jeli ya kupaka mkononi, akapona. Kwa mapenzi ya dada kwa dada, akawa anampelekea mdogo wake chupa mbili mbili kwa kila anayekuja likizo. Mdogo akapaka miaka miwili. Fukuto liliisha, usingizi ulirudi, alimwombea dada yake dua kila siku. Kisha akaanza kutoka damu. Kidogo, madoa tu kwenye nguo ya ndani. Alinyamaza miezi minne, akidhani ujana umerudi. Alipokuja, altrasaundi ilionyesha ukuta umenenepa, tukachukua kinyama kikapimwa, kikakutwa kimeanza kubadilika. Haikuwa saratani bado, Mungu alisaidia. Nikampigia dada yake simu pale pale mama akiwa amekaa mbele yangu, nikamuuliza swali moja. Akanijibu, "Mimi kizazi nilitolewa mwaka juzi, daktari, kwa sababu ya fibroidi, ule uvimbe wa kizazi." Yule wa Uingereza alikuwa anatumia dawa yake kwa usahihi kabisa. Makosa yalitokea kwenye sanduku la safari.

Toeni sasa zile karatasi. Tafuteni mahali palipoandikwa aina ya operesheni. Ukiona herufi TAH peke yake, maana yake kizazi kimetolewa. Ikifuatiwa na BSO, maana yake na ovari zote mbili zimekwenda. Wengi wenu mlitolewa kizazi kwa fibroidi mkiwa na miaka 38, 42, mkaambiwa tu "tumesafisha", na mpaka leo hamjui kama ovari mnazo. Tofauti yake ni kubwa. Mwenye TAH peke yake ovari zake zinaendelea kufanya kazi, ila hataona damu, kwa hiyo hedhi haitamwambia lini amefika, fukuto ndilo litakalomwambia. Mwenye BSO amekoma siku ile ile ya operesheni, na anaweza kuamka wodini akiwa tayari anafukuta. Na kama karatasi inaonyesha kizazi kilikatwa kikabakizwa shingo, mwambie daktari pia, kwa sababu huenda kuna kipande cha ukuta kilichobaki. Karatasi ikipotea, nenda hospitali uliyofanyiwa, uombe wakutafutie kwenye kumbukumbu. Ni haki yako.

Mlio na kizazi, projesteroni yenu inaweza kuwa kidonge cha kila usiku, au cha siku 12 hadi 14 za kila mwezi, hapo utaona damu kidogo ukimaliza. Ile ya asili inaleta usingizi, ndiyo maana inamezwa wakati wa kulala, na mimi binafsi usingizi huo naushukuru. Kuna pia kitanzi chenye homoni, kile cha miligramu 52, kinalinda ukuta kwa miaka 5. Kwa mama anayesahau vidonge, hicho napenda sana kukiweka.

Nirudi kwenye hofu. Julai 2002 nilikuwa nasomea ubingwa. Marekani walikuwa na utafiti wa wanawake 16,608 wenye vizazi, nusu wakipewa estrojeni na projesteroni, nusu kidonge kitupu. Waliusimamisha kabla ya wakati. Dunia nzima ikasikia neno moja tu: homoni zinaleta saratani ya matiti. Maduka yakaacha kuagiza, madaktari wakaacha kuandika, na sisi tuliokuwa darasani tukafundishwa kuogopa. Lakini tutazame hesabu yenyewe. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia kwa mwaka mmoja, waliongezeka wanawake 8 wenye saratani ya matiti, 8 wa kiharusi, 8 wa damu kuganda kwenye mapafu, 7 wa moyo. Na walipungua 6 wa saratani ya utumbo mpana na 5 waliovunjika nyonga. Watu hao ni wa kweli, siwadharau hata mmoja. Ila wastani wa umri wa wanawake wa utafiti ule ulikuwa miaka 63, na theluthi mbili walikuwa wamevuka 60. Walianzishiwa dawa wakati mishipa yao ya damu imeshachakaa. Mama wa Lushoto ana miaka 49.

Tangu hapo kumefanyika uchambuzi mwingi, na tunachokisema leo ni hiki: kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida ya kutibu fukuto linalomsumbua kwa kawaida inazidi madhara. Kwa fukuto, hakuna dawa inayoishinda estrojeni. Fukuto linapungua kwa robo tatu hivi, na mifupa inalindwa. Anayeanza kwa mara ya kwanza akiwa na 65 ni habari nyingine, huyo simwanzishii estrojeni ya mwili mzima, yaani ya kumeza au ya ngozi, bila sababu nzito sana.

Saratani ya matiti tusiifiche chini ya mkeka. Mwaka 2019 zilikusanywa tafiti nyingi za nchi za Magharibi zikahesabiwa pamoja. Kati ya wanawake 1,000 wasiotumia homoni, 63 hivi wanapata saratani ya matiti kati ya miaka 50 na 69. Wakitumia estrojeni na projesteroni ya kila siku kwa miaka 5 kuanzia 50, wanakuwa 83. Kwa estrojeni peke yake, 68, na katika utafiti wa Marekani wa waliotolewa kizazi ongezeko halikuonekana kabisa. Namba hizo nampa kila mama, naziandika kwenye karatasi, naye anaamua. Yupo aliyeniambia, "Daktari, kwa jinsi ninavyolala saa mbili tu kwa usiku, nipe." Yupo aliyesema, "Dada yangu alikufa na titi, sitaki." Wote wawili waliamua sawa.

Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuondoa kwenye maelezo ya dawa hizi yale maonyo makali kuhusu moyo, matiti na usahaulifu. Mtayasikia mitandaoni kwamba sasa homoni ni salama, jimezee. Onyo moja liliachwa pale pale: saratani ya ukuta wa kizazi kwa anayetumia estrojeni peke yake. Tunarudi kwenye swali letu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ni njia inayopita dawa. Kidonge cha estrojeni kikimezwa kinapita kwenye ini kwanza, na ini likiguswa namna hiyo linaongeza vitu vinavyogandisha damu. Jeli na plasta zinapita kwenye ngozi, zinaingia kwenye damu moja kwa moja, na kwa dozi za kawaida tafiti hazijaonyesha kwamba zinaongeza hatari ya damu kuganda. Kwa hiyo mama mnene, mwenye presha iliyodhibitiwa, au mwenye umri wa kukaribia 60, mimi namtafutia ya ngozi. Si kila duka utaipata, na bei yake si ya kila mtu, hilo nalijua na linanikera. Vidonge kwa mama wa miaka 50 mwembamba asiye na presha ni sawa pia. Anzieni dozi ndogo, kidonge cha estradioli cha miligramu 1 au plasta ya mikrogramu 25 hadi 50, kisha tunapandisha kama haitoshi.

Plasta inabandikwa chini ya kiuno, tumboni au kwenye tako, kamwe si kwenye titi. Mahali pake pawe pamekauka. Ukipaka mafuta ya nazi asubuhi halafu ukabandika, kwa joto letu hili ukifika sokoni itakuwa imeshadondoka. Aina nyingi zinabadilishwa mara mbili kwa wiki, na kila mara upande mwingine. Jeli unapaka mkononi au pajani, unaiacha ikauke, unanawa mikono kwa sabuni, unavaa mkono mrefu. Na wajukuu, mama zangu! Mwaka 2010 Marekani ilitolewa tahadhari kuhusu dawa ya estrojeni ya kupuliza ngozini, kwa sababu watoto wadogo waliogusana na ngozi ya mama au bibi walianza kuota matiti. Usimpakate mjukuu kwenye mkono uliopaka muda huo.

Nani asiitumie? Aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo. Aliyewahi kugandwa na damu mguuni au kwenye mapafu. Mwenye ugonjwa wa ini ulio hai. Na anayetoka damu ambayo haijulikani inatoka wapi, huyo mpaka tujue. Presha si kikwazo cha kudumu, lakini iteremshwe kwanza, si uje na 180 kwa 110 uniombe plasta. Mwenye fibroidi anaweza kutumia, ila tunamfuatilia, kwa sababu estrojeni inaweza kuziamsha zilizokuwa zimelala.

Kwa hao wasioweza, msidhani mlango umefungwa. Zipo dawa za sonona ambazo kwa dozi ndogo zinapunguza fukuto, ipo gabapentini inayomsaidia anayefukuta usiku, na tangu 2023 Marekani ina dawa mpya iitwayo fezolinetanti inayotuliza moja kwa moja ile sehemu ya ubongo inayoshtuka.

Sasa niseme la mtaani. Mama wa miaka 57, mwenye presha, alikwenda duka la dawa akaeleza fukuto lake. Muuzaji, kwa nia njema kabisa, akampa vidonge vya majira. "Si homoni ni homoni?" Hapana. Estrojeni ya vidonge vingi vya majira imetengenezwa ili izuie mimba, ina nguvu nyingi kuliko ya kutibia fukuto, na inaligandamiza ini kwa nguvu hiyo hiyo. Baada ya miaka 50 hatuishauri, na mwenye presha hata kabla ya hapo. Alikuja kwangu mguu wa kushoto umevimba, una moto, hawezi kukanyaga. Damu ilikuwa imeganda. Alilazwa, akapona, na sasa estrojeni ya mwili mzima hatumii tena maisha yake yote.

Na hizi dawa za "kubalansi homoni" na "mvurugiko wa homoni" zinazouzwa kwa simu, kwa kopo, na shuhuda za watu waliofunika nyuso. Anayekuuzia hajui una kizazi au huna, hajui presha yako, na hawezi kukuonyesha ndani ya kopo mna nini na kwa kiasi gani. Dawa inayouzwa nchini inasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya nchi yetu. Omba uone usajili. Akigeuka mkali, umepata jibu.

Kina mama, nisogee karibu kidogo. Wapo humu waliotibiwa U.T.I. sugu mwaka huu mara sita. Sindano, vidonge, sindano tena. Mkojo unachoma, unakimbilia choo, na tendo la ndoa limekuwa kama kusuguliwa kwa mchanga, mpaka unamkwepa mzee kwa kujifanya umelala. Bwana anadhani humtaki. Hedhi ikikoma ngozi ya ukeni inakuwa nyembamba na kavu, wale bakteria wazuri wanakufa, wabaya wanapanda njia ya mkojo. Kwa hilo kuna estrojeni ya kuweka pale pale ukeni, krimu au kidonge kidogo cha mikrogramu 10: kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Tangu 1993 tunajua kwamba inapunguza U.T.I. zinazojirudia. Inayoingia kwenye damu ni kidogo mno, haihitaji projesteroni, na hata bibi wa miaka 70 anaweza kuitumia. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti tu ndiye aanze kwa kuongea na daktari wake wa saratani. Ningekuwa na uwezo, dawa hii ningeiweka kila zahanati.

Wale ambao hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, na hasa kabla ya 40, iwe yenyewe au kwa operesheni, nyinyi hesabu za kutisha nilizosoma haziwahusu. Mnarudishiwa tu kile ambacho wenzenu bado wanacho mwilini. Kama hakuna kizuizi, mtumie mpaka kama miaka 50 au 51, la sivyo mifupa na moyo vitalipa gharama. Na ambao hedhi bado inayumba, kumbukeni kwamba dawa ya fukuto haizuii mimba. Endeleeni na uzazi wa mpango mpaka mwaka mzima upite bila damu kama umevuka 50, miaka miwili kama hujafika.

Ukianza dawa, rudi baada ya miezi mitatu, halafu kila mwaka: presha, matiti, na maswali yako. Madoadoa ya damu miezi ya mwanzo yanaweza kuwepo. Yakizidi miezi sita, au damu ikija baada ya kuwa imekauka, njoo wiki hiyo hiyo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukata, mdomo kupinda: usingoje kesho. Kuacha hakuna tarehe maalumu. Kila mwaka tunaulizana kama bado unaihitaji.

Yule mama wa Lushoto alikuwa na kizazi, presha yake nzuri, kifua kisafi. Nilimwanzishia plasta na projesteroni ya usiku. Aliporudi baada ya miezi mitatu alikuja peke yake. Nikamuuliza analala vipi. Akasema dirisha sasa linafungwa, na blanketi moja kati ya yale mawili amelichukua yeye.

Nimeomba meza iwekwe pale nje chini ya mwembe, na muuguzi wangu ana kipima presha. Tutakaa mpaka saa kumi na moja. Mwenye karatasi ya operesheni aje nayo tuisome pamoja, na mwenye dawa aliyoletewa kutoka nje ya nchi aje na boksi lake.